Migomba Iliyong'olewa Kando ya Kaburi la Mama

Simu ya hospitali ilinikuta nimekaa jikoni nyumbani kwangu Buhembe, namenya ndizi huku mgongo nimeuegemeza ukutani. Siku hizo kila kitu nilikifanya nikiwa nimekaa. Kumenya nakaa, kufua nakaa, hata sala za jioni nilikuwa nazisali kitini na kumwomba Mungu anisamehe magoti. Muuguzi aliyepiga alikuwa na sauti ya upole na haraka nyingi. Wataalamu wa moyo kutoka Dar es Salaam walikuwa wanakuja Mwanza kwa wiki moja tu, mimi nilikuwa miongoni mwa waliochaguliwa, nije na mtu mmoja wa kuniuguza, na kama nina homa niseme mapema. Nikashukuru. Nilipokata simu nikaendelea na ndizi zangu kana kwamba walikuwa wamekosea namba.

Daktari wa hapa Bukoba alikuwa ameshanieleza yote miezi kadhaa nyuma. Alinichorea moyo kwa kalamu, vyumba vinne na milango katikati, akaweka alama kwenye mlango mmoja. Huu, akasema, umekaza. Haufunguki inavyotakiwa, damu inarudi nyuma mapafuni, ndiyo maana ukipanda ngazi unahema. Alidhani chanzo ni homa za koo za utotoni ambazo hazikutibiwa. Wataalamu wangepitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, halafu wangejaza puto dogo na kuupanua ule mlango. Nimefundisha sayansi shule ya msingi karibu maisha yangu yote, na nilistaafu nikiwa Kahororo. Nilielewa kila neno alilosema na hakuna hata moja lililonipa raha.

Tatizo ni kwamba moyo wangu ulichagua wakati mbaya wa kunifanya niheme. Ulikuwa ule mwaka ambao tulishaambiwa ugonjwa umekwisha, tukafungua shule na kushikana mikono, kisha watu wakaanza tena kukosa pumzi. Hatukuutaja kwa jina. Tulisema fulani amepata changamoto ya upumuaji, tukatazama chini. Kila nyumba ilinuka majani ya mkaratusi na mchaichai, watu wanajifunika mablanketi na kujifukiza nyungu mpaka macho yanawawasha. Katikati ya hayo yote nilikuwa mimi, mwanamke anayehema akivuka kizingiti, mwenye kikohozi kikavu kinachokuja bila kubisha hodi. Jumapili moja kilinishika kanisani wakati wa mahubiri. Nilipoinua uso, benchi langu lilikuwa limebaki na mimi na mkoba wangu.

Niliona aibu kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Labda wa mikoa mingine hawawezi kunielewa, lakini sisi wa Kagera wa umri wangu tulikuwa vijana ugonjwa ule mwingine ulipoingia, ule uliomaliza nyumba nzima nzima. Tulijifunza kumtazama mtu kwa namna moja: jicho linaanzia kwenye mitulinga, linashuka kwenye mikono, linarudi usoni na kutabasamu. Mimi mwenyewe nilikuwa hodari wa kutazama hivyo. Sasa macho yale yalikuwa yamenigeukia, nami nilijua kila yanapopita.

Kwa hiyo nikaanza kuificha pumzi yangu. Nikipanda kilima kidogo cha kwenda nyumbani nilisimama kusifu kahawa ya jirani, siku nyingine kusifu ukuta wake, siku nyingine kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwamo. Jirani alianza kuniona mtu mwenye mapenzi makubwa na ukuta wake. Kwaya niliiacha, niliwaambia sauti imezeeka. Na simu niliacha kuzipokea, hasa za watu wanaonifahamu, kwa sababu simu haifichi kitu. Unaweza kuvaa vizuri na kupaka mafuta usoni, lakini ukiongea maneno matano ukahema, mwenzako upande wa pili ameshajua.

Aliyejua kila kitu alikuwa binti yangu, ninayeishi naye, ambaye anauza vitenge sokoni. Alirudi jioni ile nikamwambia habari za simu. Alifurahi mpaka akakaa chini.

"Tunaondoka lini?" akauliza.

"Sijasema naenda."

Nikamweleza nilichokuwa nakiogopa, na ilikuwa mara ya kwanza kukisema kwa sauti. Sikuogopa mrija, wala puto, wala kufa kwenyewe. Wakati ule watu walikuwa wanasimulia kwamba anayefia hospitali kubwa, hata kama ameletwa kwa ugonjwa wa mguu tu, anafungwa kwenye plastiki na kuzikwa haraka na watu waliovaa mavazi meupe, ndugu wamesimama mbali. Ni kiasi gani kilikuwa kweli sijui mpaka leo. Mimi niliamini chote. Nilijiona nimelala kwenye makaburi ya mji nisioujua, ng'ambo ya ziwa, katikati ya wageni.

"Mama, unaogopa kaburi kuliko kifo," akasema binti yangu.

"Kifo kinapita. Kaburini nitakaa."

Alikasirika, akaenda kuwasha jiko. Lakini yeye amekulia mjini. Kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja, chini ya migomba ya baba yake au ya mume wake, karibu na nyumba kiasi kwamba asubuhi anayefagia uwanja anapita jirani yake. Kwa mume wangu nilitoka zamani, kwa miguu yangu mwenyewe, na kibanja chake hakina sehemu yangu. Kiwanja changu cha Buhembe ni kidogo, na mjini hatuzikani uani. Palibaki kwa baba, Muleba, ambako mrithi ni mdogo wangu wa kiume. Mwanamke aliyerudi kutoka ndoa hafukuzwi nyumbani kwa baba yake. Lakini hakuna anayemwonyesha atalala wapi mpaka aulize, nami sikuwahi kuuliza. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa na nyumba yangu, nilikuwa na ulimi wangu. Kwenda kuomba kaburi kwa mtoto niliyembeba mgongoni niliona ni kujivua nguo.

Hata hivyo nilijua kwamba bila neno lake nisingepanda basi la Mwanza. Nikamwambia binti yangu nitampa jibu nikitoka Muleba. Yeye alidhani naenda kuaga.

Lazima niseme kitu kuhusu mdogo wangu na mimi. Nilimtangulia kwa miaka michache, na mama alipokuwa shambani mimi ndiye niliyekuwa mama. Nilimfundisha kusoma kabla hajaenda shule, kwa kumfinya. Alipokuwa mrithi mambo yakageuka. Kila nilipokwenda Muleba nilikwenda na shida. Nilipoacha ndoa, nilihitaji chumba, akanipa. Nilihitaji mtu wa kwenda kuzungumza na upande wa mume, akaenda. Nilihitaji mikungu ya ndizi kwa ubatizo wa binti, akaileta mwenyewe. Sikumbuki kama aliwahi kuniomba chochote. Mke wake alifariki miaka mingi iliyopita, wanawe wako Dar es Salaam, na yeye alibaki peke yake na kahawa na mbuzi wake. Nilipomfikiria nilimfikiria kama mahali.

Nilikwenda siku ya jua kali. Pale bodaboda aliponishusha ilibaki njia fupi ya kupanda, katikati ya vibanja, na niliipanda kwa ujanja wangu wote. Nilisimama kuangalia ziwa. Kisiwa cha Bumbire kilionekana vizuri siku hiyo, nikakiangalia kuliko mgeni aliyekuja kupiga picha. Wakati nafika uani kwa baba nilikuwa nimebakiza pumzi ya sentensi moja, na sentensi hiyo nilikuwa nimeitayarisha tangu Bukoba.

Mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni. Aliponiona alisimama, akashika fremu ya mlango. Alikuwa amevaa sweta. Niliiona ile sweta, kwenye jua lile, na haikuniambia kitu.

"Shikamoo, dada," akasema. Hakunisogelea.

"Marahaba."

Hapo ndipo palipokuwa pa kuanza salamu. Sisi Wahaya hatufiki kwenye shida ya mtu moja kwa moja. Unauliza amelalaje, nyumba imelalaje, baridi, mvua, watoto, mifugo, yule mgonjwa wa jirani, halafu naye anakurudishia yote, na mpaka mmalize kila mmoja anajua hali ya mwenzake bila kutangaziwa. Ni kazi ndefu na inataka pumzi. Mimi niliiruka. Niliogopa kwamba nikiuliza habari za mbuzi sitakuwa na pumzi ya kuomba kaburi.

Yeye alileta kiti, akakiweka chini ya mgomba, mbali na mlango. Akarudi kwenye kiti chake. Kati yetu pangeweza kupita ng'ombe wawili. Tena hakuleta kahawa. Kwetu mgeni, hata awe mtoto wa nyumba, anapewa kwanza kahawa ya kutafuna, akamwani, kwenye kikapu kidogo, kutoka mkono wa mwenyeji hadi wako. Nyumba ya baba haikuwahi kukosa kikapu hicho. Nikasema moyoni, ameshasikia ninavyokohoa. Ananiogopa. Hasira ikanipanda na ikanisaidia kusema.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja," nikamwambia. "Nikifa, nalala wapi?"

Aliangalia miguu yake. Kunyamaza kwake nikakusoma kama nilivyotaka kukusoma. Nikasimama, nikasema nakwenda kumsalimia mama kwanza, kwa sababu sikutaka anione machozi.

Kaburi la mama liko nyuma ya jiko, chini ya migomba mikubwa. Nilipozunguka kona nikasimama, na safari hii sikusimama kwa ujanja. Upande wa kulia wa mama, migomba ilikuwa imeng'olewa. Si kukatwa, imeng'olewa na visiki vyake, na udongo umesawazishwa vizuri kwa jembe, urefu wa mtu. Mkungu mmoja mchanga, usiofaa hata kuchemsha, ulikuwa umetupwa pembeni. Kwetu hakuna mtu anayeng'oa mgomba wenye mkungu karibu na nyumba kwa mchezo.

Nilirudi uani kwa kasi ambayo moyo wangu haukuwa umeruhusiwa.

"Umeshanitayarishia," nikasema. "Binti yangu amekuambia nina ugonjwa wa moyo, ukaona usubiri nini. Hata sijafa."

"Dada, kaa."

"Umeng'oa na mkungu mchanga. Ulikuwa na haraka gani?"

"Kaa kwanza, waitu," akasema, kwa neno letu la kumbembeleza mtu wa kwetu. "Pale si pako. Ni pangu."

Nilikaa. Nikamtazama, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu nifike. Jicho langu lilianzia pale linapoanziaga. Mitulinga ilikuwa imesimama kwenye shingo ya sweta. Mikono ilikuwa imekauka. Mdogo wangu, ambaye alikuwa anabeba mkungu begani kama anabeba shuka, alikuwa amekaa kwenye kiti na kushikilia kiti.

Akanieleza polepole, kwa Kihaya, akipumzika katikati ya maneno. Ugonjwa ulimpata baada ya msimu wa kahawa. Ulianza na mwili kuuma, kisha kifua kikafunga. Hakumwambia mtu. Aliogopa wakijua kijijini hakuna atakayekuja kununua kahawa yake wala kumchotea maji, kwa hiyo akasema ana malaria na akafunga mlango. Alijifukiza mwenyewe, akajipikia uji mwenyewe, siku nyingine hakujipikia. Siku alipopata nguvu kidogo alitoka na jembe. Alikuwa na hakika hatapona. Wanawe hawajui kibanja. Wangekuja kutoka Dar es Salaam na kumzika popote, labda kando ya barabara ambako gari linafika. Akaona aache alama ambayo hata mjinga angeielewa. Aling'oa migomba kwa siku nyingi, akilala chini kila baada ya kisiki kimoja.

"Kwa nini hukuniita?" nikamwuliza.

Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Nilikupigia," akasema.

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata mahali nilipokuwa nimekaa. Simu iliita mezani, nikaona ni yeye, nikaigeuza uso chini. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, na ya pili, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuanua nguo na ningehema, na sikutaka mdogo wangu anisikie nikihema. Nilijiambia akiwa na jambo atatuma ujumbe. Tena nilijiambia, na hili ndilo linalonichoma, kwamba yeye hana jambo. Mwenye mambo ni mimi.

"Niliiona," nikamwambia.

"Nilijua una shughuli."

Aibu niliyokuwa naibeba miezi yote ile, ya kikohozi na ya benchi tupu, ilikuwa aibu ya nje, ya ngozi. Hii ilinishuka mpaka tumboni. Nilikuwa nimekuja kwa mtu aliyekuwa amenusurika kufa, nikaruka salamu ambayo ingeniambia hivyo, nikamdai kaburi, na nilipoliona la kwake nikamgombeza kwamba ni langu. Nilitaka kumwambia pole, lakini neno lenyewe lilikuwa limechelewa mno na dogo mno. Nililisema hata hivyo. Akasema asante, kama anavyosema mtu aliyepewa glasi ya maji.

Baadaye nikamwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwalimu tena, kwa nini hakunipa kahawa.

Akanyoosha mikono yake mbele, akaigeuza. "Hii mikono ndiyo inayochota kwenye kikapu. Binti yako aliniambia habari za mlango wa moyo wako. Nikasema, kilichonipata mimi, dada hawezi kukibeba. Ndiyo maana nimekuweka huko."

Kumbe kile kiti kiliwekwa mbali kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimeshakitafsiri na kukihukumu.

"Wamekuita Mwanza?" akauliza.

"Wameniita."

"Nenda."

"Nikifia huko?"

"Nitakuja kukuchukua."

"Hawatakupa."

"Nitakaa getini mpaka wanipe. Kahawa imeshauzwa, sina kazi." Akavuta pumzi. "Wakisema wanazika wenyewe, nitawafuata nijue ni wapi, na watakapochoka kulinda nitarudi na jembe. Si unaona naweza kuchimba."

Alisema hivyo bila kutabasamu, na nilijua angefanya. Mtu mwingine yeyote angeniambia usiseme maneno hayo, utapona. Yeye alinijibu nilichouliza.

"Na hapa utaniweka wapi?"

"Hapo hapo. Pale pangu. Anayetangulia alale upande wa mama." Sasa akatabasamu. "Tutabanana. Si tulikuwa kitanda kimoja, na wewe ulikuwa unapiga mateke usiku kucha."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka kwa muda mrefu kwa sababu kicheko nacho kinataka pumzi. Kikaniletea kikohozi, naye akaanza kucheka, na cha kwake kikaja. Tulikohoa wote wawili, kila mtu kwenye kiti chake, ng'ambo na ng'ambo ya uwanja wa baba yetu, mpaka machozi yakatutoka. Mtu aliyekuwa anapita njiani na ndoo kichwani aliongeza mwendo. Mdogo wangu akampungia mkono.

Nilirudi Bukoba jioni hiyo nikamwambia binti yangu afunge nguo. Aliuliza mjomba amesemaje. Nikamwambia amesema niende. Mengine sikumwambia, na ninadhani atayasoma hapa.

Mwanza sikumbuki sana. Nakumbuka kijana aliyeninyoa paja, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, na jinsi nilivyomwuliza alisoma shule gani ili nisifikirie anachokifanya. Nakumbuka baridi ya chumba na taa, na watu wamefunika nyuso zao, macho tu yanaonekana. Walikuwa wamevaa yale mavazi niliyoyaota. Sikulala, walinitia ganzi pale pale pajani, na nilisikia wakisemezana kwa Kiingereza kwa sauti ya chini. Kuna wakati moyo uliruka kama samaki kwenye ndoo. Daktari akainama karibu na uso wangu.

"Kohoa, mama," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama yeye, nikawatazama wengine.

"Kohoa kwa nguvu, moyo ukae sawa. Usiogope."

Miezi yote ile nilikuwa nameza kikohozi kanisani, sokoni, msibani, na huyu alikuwa ananiagiza nikitoe. Nilikohoa. Akasema tena, nikakohoa tena, na hakuna aliyesogea. Nilipotolewa pale nilikuwa nalia, wakadhani nina maumivu.

Nilipona. Sisemi nilirudi kuwa msichana, lakini wiki chache baadaye nilipanda kile kilima cha Buhembe bila kusifu ukuta wa mtu, na jirani akaniuliza kama nimemkasirikia. Mdogo wangu naye alipona, taratibu, akanenepa kidogo. Nilipokwenda kumwona, kwenye ile sehemu kando ya mama alikuwa amepanda migomba michanga. Alisema ardhi nzuri kama ile haiwezi kukaa bure ikitungoja. Siku hiyo alinipa kahawa kwa mkono wake, nikatafuna mpaka akaniondolea kikapu.

Mwaka jana, mgomba wa kwanza kati ya ile ulizaa. Alinitumia mkungu wote kwa basi, umefungwa kwa majani makavu. Niliuweka jikoni nikauzunguka. Ndizi zilikuwa nene, zimejaa vizuri. Nilizimenya nikiwa nimesimama, nikazipika na maharage na samaki, na tulipokula binti yangu akasema hajawahi kuonja tamu kama hizo. Sikumwambia zimeota wapi.

Baada ya kula nikampigia mdogo wangu. Nilikuwa nimeamua kwamba safari hii nitamsalimia kama anavyostahili kusalimiwa, kwa Kihaya, bila kuruka kitu. Nikamwuliza amelalaje. Nikamwuliza kifua. Nikamwuliza miguu, baridi, mvua imefika wapi, mbuzi, paa la jiko kama bado linavuja, wanawe wanasemaje, yule jirani mgonjwa kama anaamka. Pumzi nilikuwa nayo na niliitumia yote. Alijibu la kwanza vizuri, na la pili. Kisha majibu yakaanza kuwa mafupi, na mwishowe akanyamaza kabisa, nikadhani simu imekatika.

"Dada," akasema. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nakusalimia tu."

Nilimsikia anapumua upande wa pili, anangoja.

"Sema tu, waitu," akasema kwa upole. "Nitakupa."